Kwa nini kijiko changu kilikaa kwenye friza

Kiwiko kilinivunja pua kwenye mpira wa kona. Mimi ni kipa wa timu ya mtaani, Mbagala, na mpira niliudaka. Hilo lijulikane kabla ya mengine yote. Damu ilipokata, mwenyekiti wa timu akanishika kidevu, akanitazama kama fundi anayetazama mlango usiofunga. "Kipa, hiyo itajirudi yenyewe. Kanda maji ya moto." Nikakanda wiki saba.

Kumbe siku ya kwanza ilitakiwa barafu, na mfupa wa pua ya mtu mzima ndani ya wiki mbili hivi unaanza kushika. Ningekwenda kama siku ya saba, uvimbe umepungua, ungerudishwa mahali pake bila kupasuliwa. Mwenyekiti mpaka leo anasema nilikosa subira.

Basi nikaagiza kibanio mtandaoni. Cha plastiki, rangi ya waridi, unakivaa dakika ishirini kwa siku pua inyooke. Elfu kumi na tano, bodaboda juu yangu. Jioni ya kwanza nimekaa nacho natazama mechi, mwanangu wa miaka minne akaja, akanikagua kimya kimya, akaenda kumwita mama yake. Usiku wa tatu nikapitiwa na usingizi nacho. Asubuhi pua ni ileile, ila ina mistari miwili myekundu, mithili ya panya aliyechomoka mtegoni, na saa tatu nina kikao. Kama mfupa ungenyooka kwa kubanwa, helmeti ingeshanibadilisha kichwa zamani.

Matone ya kuzibua pua nayo yalinitia adabu. Siku za mwanzo raha tupu. Wiki ya tatu, yakiisha nguvu tu, pua inaziba kuliko kabla. Yale ni ya siku chache, wiki haifiki. Shemeji yangu wa saluni akaniletea habari ya sindano ya filla, jeli ya kujazia chini ya ngozi. Ile inajaza bonde tu, ukuta uliopinda ndani, kati ya matundu mawili, haiugusi, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Nikamwambia shemeji, kwako nitaendelea kuja kunyoa.

Sasa kijiko. Chukua cha stenlesi, kiweke kwenye friza dakika mbili, kishike chini ya pua utoe pumzi taratibu. Tundu la kulia liliacha ukungu wa kutosha kuandikia jina. La kushoto, kidoa kama punje ya mtama. Nilipiga picha asubuhi na jioni, siku kumi, mke wangu akilalamika kuhusu vijiko vyake. Daktari wa masikio, pua na koo alizitazama zote, akacheka, akasema na wao wana kipande cha chuma cha kazi hiyohiyo. Akaingiza kamera: ukuta wa katikati umelala kushoto, chali kabisa. Barua yake ikataja kupumua, si urembo, ndipo bima wakachangia. Iliyobaki, milioni na ushei, nilikopa kikundi.

Alitaka pia picha ya pua kabla haijavunjika. Nikampa kitambulisho cha taifa. Akauliza kama kuna nyingine.

Nikapangiwa tarehe, mwezi wa saba tangu nivunjike. Nikapigwa nusukaputi, mfupa ukakatwa upya, gegedu ikanyooshwa. Wiki nzima nilikaa na vibao vya plastiki puani na plasta ngumu juu. Maumivu ni ya kawaida, shida ni kula: huwezi kutafuna na kupumua kwa pamoja, ugali unageuka mazoezi. Lala umeinua kichwa, chafya itoe mdomo wazi, kupenga marufuku. Na usijitazame kwenye kioo wiki za mwanzo, uvimbe wa ncha unaweza kumaliza mwaka.

Vibao vilipotoka nilivuta hewa mpaka kichwa kikawa chepesi. Nyumbani nikafungua mlango wa chumba, nikasimama. Glavu zangu za ukipa zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kitanda, pale pale mke wangu alipokuwa akizilalamikia miaka yote nikimwambia hazinuki.

Siku hiyohiyo nikazifua. Mara mbili.