Nilivyopanga nyumba Guangzhou na kuizoea

Anayekwenda China kwa masomo ya mwaka mmoja hupewa ushauri mwingi kuhusu nguo za baridi na chakula, lakini ni nadra kuambiwa kwamba nyumba atakayopanga huko itaamua pia hali yake mbele ya sheria. Mimi nilikwenda Guangzhou kujifunza lugha ya Kichina, chuo kikaniruhusu kuishi nje ya hosteli, na tangu mwanzo wa kutafuta nyumba nilishika kanuni moja ambayo hadi leo naitetea: kwanza mpate mwenye nyumba aliye tayari kukuandikisha polisi, mengine yote yafuate baadaye.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe katika kituo cha polisi cha eneo lake ndani ya saa 24 tangu ahamie. Hotelini kazi hiyo hufanywa na watu wa mapokezi wanapochukua pasipoti yako, lakini kwenye nyumba ya kupanga ni jukumu lako wewe pamoja na mwenyeji wako. Karatasi inayotolewa hapo ndiyo inayobeba mambo mengine, kwa kuwa aliyeingia kwa viza ya masomo ya muda mrefu hutakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu afike, na anapokwenda kukiomba huulizwa uthibitisho wa mahali anapoishi. Nyumba nzuri ambayo mwenyewe hataki kuonekana polisi, kwa kuogopa kodi ya serikali au usumbufu tu, haimfai mgeni hata kama ni ya bei nafuu.

Wenzangu wengi kutoka Afrika, hasa wafanyabiashara, huanzia Xiaobei au Sanyuanli, ambako kuna maduka, migahawa na mawakala wa mizigo waliokwisha kuwazoea watu wetu. Ni maeneo yenye manufaa makubwa kwa anayefuata bidhaa, ila mimi nilihitaji utulivu wa kusoma na majirani wa kuzungumza nao Kichina kila siku, nikaamua kutafuta Haizhu, upande wa kusini wa Mto Zhujiang, karibu na njia ya treni ya chini ya ardhi. Madalali huko wana ofisi ndogo kandokando ya barabara, na vioo vyake vimejaa picha za nyumba na bei zake. Dalali wa kwanza niliyemwendea alinihakikishia kwamba habari ya polisi si ya lazima kwa anayekaa muda mfupi, nami nikamshukuru na kuondoka. Wa pili alifanya jambo la busara: kabla ya kunionyesha nyumba yoyote, aliwapigia simu wenye nyumba mmoja baada ya mwingine, akawauliza kama wanapokea mgeni na kama wako tayari kwenda naye kituoni. Orodha ilipungua sana, lakini zile zilizobaki zilikuwa nyumba za kweli.

Niliyoichukua ilikuwa ya mama mmoja mstaafu, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Hapa inafaa kueleza kwamba Wachina huhesabu ghorofa kuanzia chini kabisa, kwa hiyo ghorofa yao ya tano ni ya nne kwa hesabu yetu ya Dar es Salaam, na kwa mtu atakayebeba gunia la mchele ngazi kwa ngazi tofauti hiyo si ndogo. Desturi ya kawaida ya Guangzhou ni kulipa amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, mbali na ujira wa dalali, na kwa hiyo mgeni anapaswa kuwa na fedha za kutosha mkononi kabla hajaanza kutafuta. Mkataba ulikuwa wa Kichina kitupu. Nilimwomba mwanafunzi mwenyeji anisomee kifungu kwa kifungu, nikalinganisha jina la aliyetia saini na kitambulisho chake na hati ya umiliki wa nyumba, kisha tukaongeza kwa kalamu, wote wawili tukitia saini pembeni, kwamba kiyoyozi na hita ya maji zikiharibika zenyewe gharama ni ya mwenye nyumba. Siku ya kukabidhiwa funguo nilipiga picha kila ukuta, kila mlango wa kabati na namba zilizosomeka kwenye mita za maji, umeme na gesi, nikamtumia mama yule picha zote palepale kwa WeChat, programu ya simu wanayoitumia Wachina kwa ujumbe na malipo, ili ziwe na tarehe na zikae kwenye simu zetu wote.

Kutoka hapo tulikwenda kituoni pamoja. Nilikuwa na pasipoti na mkataba, yeye akiwa na nakala ya hati ya nyumba na kitambulisho chake, na askari aliyetupokea alijaza taarifa zetu kwa utaratibu na kunipa karatasi yenye muhuri. Ningependa kila anayekwenda huko akumbuke kwamba jambo hili haliishi siku hiyo, kwani ukishapata kibali cha ukaazi, au ukibadilisha pasipoti, au ukihama hata mtaa wa jirani, unarudi kuandikishwa upya. Mama yule alikuja nami kila ilipohitajika bila kunung'unika, na ndiyo maana nasema uamuzi wa kumchagua yeye ulinisaidia kuliko uamuzi wowote mwingine.

Ndani ya nyumba, umeme haukunipa shida, kwani volti 220 za China zinatosha kwa chaja na kompyuta tulizozoea nyumbani. Tatizo ni plagi zetu za pini tatu nene, ambazo haziingii kwenye soketi zao. Jiko lilikuwa la gesi ya bomba, la mafiga mawili yenye moto mkali, bila oveni, na hita ya maji ya kuogea nayo ilitumia gesi. Kuhusu hita hiyo mama mwenye nyumba alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye roshani, akanionyesha bomba la kutolea moshi na kunisisitizia nisilizibe kwa lolote, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu hewa ya sumu inayotokana na gesi isiyoungua vizuri haina harufu na imewahi kuua watu usingizini. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, kwa hiyo birika la umeme lilikuwa chombo changu cha kwanza kununua. Bili za jengo letu zilikuja baada ya matumizi, tofauti na LUKU ambayo unanunua kabla, na zililipwa kwa simu mradi una namba ya mteja ya kila huduma. Niliziomba zote tatu mapema. Anwani niliihifadhi kwa maandishi ya Kichina, inavyoandikwa kutoka mji, wilaya, barabara, jengo hadi namba ya mlango, nami nikawa nawaonyesha madereva na wasambazaji wa mizigo bila kuhitaji maelezo.

Kilichonifanya nijisikie nyumbani ni soko la mtaa. Watu wa Guangdong, jimbo ambalo Guangzhou ni mji wake mkuu, wanakula mchicha, wanakula matembele, na wauzaji wake hukufungia fungu la kijani kibichi ambalo ukilitia kitunguu na nyanya huwezi kulitofautisha na la Tanga. Unga mweupe wa mahindi niliufuata Xiaobei kwenye maduka ya Waafrika, na kwa jinsi hiyo ugali haukukosekana.

Hali ya hewa ndiyo iliyohitaji elimu zaidi. Majira ya baridi ya huko si makali kwa vipimo, lakini nyumba za kusini hazina mfumo wa kupasha joto kama zile za Beijing, na viyoyozi vingi vya Guangdong hupoza tu. Nilikuwa nimekwisha kukagua rimoti kabla ya kusaini, nikaona alama ya jua, nikajua chetu kinatoa joto pia. Baada ya baridi, kati ya mwishoni mwa Februari na Aprili, huja siku ambazo hewa yenye joto na unyevu kutoka baharini inakutana na kuta zilizobaki baridi, na hapo vigae hutiririka maji, kioo cha bafuni hakikauki, viatu vya ngozi na migongo ya vitabu huota kuvu. Sisi wa pwani tumezoea kufungua madirisha nyumba inapokuwa na unyevu. Kule inapasa ufanye kinyume: unafunga madirisha yote, hasa asubuhi na usiku, unawasha kiyoyozi kwenye hali ya kukausha hewa, na unasubiri upepo mkavu wa kaskazini ndipo ufungue. Mama mwenye nyumba alinieleza hayo wiki kadhaa kabla, akaniletea na ndoo ya kukingia maji, na kwa maelekezo yake nguo na vitabu vyangu vilipita msimu huo salama.

Masomo yalipokwisha nilimpa taarifa mwezi mmoja kabla, kama mkataba ulivyotaka. Tulipita chumba kwa chumba tukilinganisha na picha za siku ya kwanza, tukasoma mita pamoja, akakata bili za mwisho na kunirudishia amana iliyobaki kwa WeChat jioni ileile.