Ruta iliporisetiwa: nilivyorudisha intaneti nyumbani

Nilimkuta mpwa wangu amechuchumaa mbele ya ruta, kipini cha kutolea laini ya simu kiko mkononi, machozi yanamlengalenga. "Anko, nilitaka kubadilisha paswedi tu," akaniambia. Ana miaka 13. Rafiki yake alimwambia kwamba ukibonyeza kile kitundu cha nyuma, paswedi ya Wi-Fi inarudi ile iliyoandikwa kwenye stika. Ni kweli inarudi. Ambacho hakuambiwa ni kwamba vingine vyote vinafutika pamoja nayo.

Ilikuwa Ijumaa, saa moja jioni, Kihonda, Morogoro. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mezani na laptopu, fomu ya kuomba mkopo wa chuo iko nusu. "Kaka, mwisho ni kesho," akasema, basi. Ningeweza kununua bando la simu tukaimaliza usiku ule, na niliweka hilo kama akiba. Lakini mke wangu anapokea oda za keki kwa simu mchana kutwa, na nyumba nzima inategemea ile faiba. Nikaona nishughulike na chanzo.

Kwanza nilikwenda kwenye kile kisanduku cheupe cha ukutani kinachopokea waya wa faiba. Kwetu visanduku ni viwili: hicho cha kampuni, na ruta niliyonunua mwenyewe dukani, katikati kuna kebo fupi. Taa ya PON ilikuwa ya kijani, imetulia, na LOS imezimika. Hapo nikapata moyo. LOS ikiwaka nyekundu ujue mwanga haufiki, waya umekatika au umekunjwa vibaya mahali, na huna la kufanya ila kumsubiri fundi. PON ikitulia, waya ni mzima. Tatizo basi lilikuwa kwenye ruta, na ruta ninaweza kuishika mwenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Kuzima ruta na kuiwasha hakufuti kitu; umeme unaweza kukatika mara tano kwa siku na bado ikakumbuka kila kitu. Kuriseti, yaani kushikilia kile kitundu kwa sekunde kama 10 mpaka taa zote zizimike, kunairudisha ilivyotoka kiwandani. Jina la Wi-Fi linaondoka, paswedi inaondoka, na kubwa zaidi, akaunti inayoitambulisha nyumba yako kwa kampuni ya intaneti nayo inaondoka. Hiyo haiandikwi kwenye stika yoyote.

Nikaunganisha simu kwenye Wi-Fi yenye jina la stika, nikafungua brauza, nikaandika 192.168.0.1, anwani ya ruta yenyewe. Ukurasa ukagoma. Nikarudia, ukagoma. Zilipita dakika nyingi kabla sijagundua kwamba simu ilikuwa inaona Wi-Fi haina intaneti, inarudi kwenye data yenyewe kimyakimya, kwa hiyo ilikuwa inaitafuta ruta huko nje ambako haipo. Nikazima data. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Ukikwama hatua hii, anza na hilo kabla hujamlaumu mtu wala kifaa.

Ndani, sehemu ya WAN, yaani upande wa ruta unaotoka kwenda kwa kampuni, ndiyo yenye kazi. Kuna njia tatu za kuunganika: anwani inayogawiwa yenyewe, yaani DHCP, anwani ya kudumu unayoijaza kwa mkono, na PPPoE, ambayo inataka jina la akaunti na paswedi. Baada ya kurisetiwa ruta yangu ilikuwa imerudi kwenye DHCP, na mahali pa anwani ya nje pameandikwa 0.0.0.0. Maana yake ilikuwa inaomba anwani na hakuna anayeijibu. Kampuni yetu inatumia PPPoE: ruta lazima ijitambulishe kwanza ndipo mlango ufunguliwe. Fundi aliyetufungia ndiye aliyejaza yale siku ya kwanza, nami nilikuwa nimesimama pembeni nikiangalia bila kuandika kitu.

Boksi la ruta tulikuwa hatujalitupa, nashukuru. Ndani ya mfuniko fundi alikuwa ameandika jina la akaunti kwa kalamu ya wino. Paswedi hakuandika. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasubiri muda mrefu huku muziki unapiga, hatimaye dada mmoja akapokea. Akauliza namba ya mteja na namba ya simu iliyosajiliwa, akasema, "Nakutumia kwa ujumbe, kaka, usimpe mtu." Kabla hajakata nikamuuliza kama kuna namba ya VLAN ya kujaza, yaani namba ya njia ambayo data inapitishwa ndani ya waya, kwa sababu kampuni nyingine huitaka na usipoiweka hupati kitu. Akasema kwenye aina ya kisanduku chetu haihitajiki. Swali hilo liulizeni mapema, litawaokoa simu ya pili.

Ujumbe ukaja. Nikajaza paswedi kwa mkono, ikakataliwa; kumbukumbu za ruta zikaonyesha uthibitisho umeshindikana. Ndani yake kulikuwa na herufi ambayo ingeweza kuwa l ndogo au 1. Nikabadilisha, ikakataliwa tena. Nikaamua kuinakili kutoka kwenye ujumbe na kuibandika. Ikakataliwa. Nikabonyeza alama ya jicho ili nione nilichobandika, nikatazama taratibu: mwishoni kulikuwa na nafasi tupu moja, imeburutwa pamoja na maneno. Nikaifuta. Sekunde chache baadaye 0.0.0.0 ikageuka kuwa anwani kamili, taa ya intaneti ikawa kijani, na simu ya mke wangu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe. Mpwa wangu akaruka.

Lakini fomu haikufunguka.

Video zilicheza, ujumbe ulikwenda, tovuti za habari zilikuja mara moja. Ukurasa wa fomu ukawa unazunguka tu, mweupe, hadi brauza inakata tamaa. Barua pepe ya kazini kwangu nayo hivyo hivyo. Tukadhani tovuti imelemewa na watu wa dakika za mwisho, mpaka mdogo wangu alipoifungua kwa data ya simu na ikaja. Nikabadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, nikaweka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Hakuna kilichobadilika, na nilipofikiri niliona ni haki yake: DNS ikikosea, jina la tovuti halipatikani kabisa, lakini hapa ukurasa ulikuwa unaanza kisha unakwama.

Ikabidi nimpigie rafiki yangu aliye fundi wa kompyuta. Hakuuliza mengi. "Ruta umeiweka MTU ngapi?" Nikaangalia: 1500. "Hapo hapo," akasema.

MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data inayoruhusiwa kupita. Kwenye kebo ya kawaida kikomo ni baiti 1500. PPPoE inachukua kila pakiti na kuitia kwenye bahasha ya pili, na bahasha hiyo inakula baiti 8. Ukiijaza pakiti mpaka 1500 halafu ukaitia bahasha, haiingii tena mlangoni. Ujumbe mfupi unapita kwa sababu ni mdogo. Kurasa nzito zinakwama pale ambapo upande wa pili haupati taarifa kwamba pakiti zake ni kubwa mno, na ndiyo maana tovuti nyingine zinafunguka na nyingine hazifunguki.

Akanielekeza nipime kwa laptopu ya Windows kwa amri ya ping, inayotuma pakiti na kusubiri jibu: ping -f -l 1472 1.1.1.1. Ile f inakataza pakiti isikatwe vipande, na 1472 ni mzigo, ambao ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500. Kimya, majibu yote manne hayakurudi. Nikashusha 1468, kimya. 1465, kimya. 1464, yakarudi yote manne, moja baada ya jingine. 1464 na 28 ni 1492, yaani 1500 kasoro zile 8 za bahasha. Nimefanya kazi na namba miaka mingi, ila sikumbuki hesabu iliyowahi kunifurahisha namna ile.

Nikaandika 1492, nikahifadhi, ruta ikajiunga upya. Mdogo wangu akaburudisha ukurasa na fomu ikaja nzima, na picha yake aliyoipakia mchana. Saa tano usiku kasoro robo alibonyeza kutuma, akakaa anatazama ile namba ya risiti bila kusema kitu.

Jumamosi asubuhi nilimalizia yaliyobaki: paswedi ya kuingilia ruta nikaibadilisha ile ya kiwandani, Wi-Fi nikaiweka ulinzi wa WPA2, na WPS, ile njia ya kuunganika kwa kitufe au PIN bila paswedi, nikaizima. Chaneli ya mawimbi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz nikaitoa 6 walikojazana majirani nikaipeleka 11, na chumba cha nyuma kikapata nafuu kidogo. Kisha nikapakua nakala ya mipangilio yote nikaihifadhi kwenye flashi, kwani ruta nyingi zina sehemu hiyo na ikirisetiwa tena unairudisha kwa dakika moja.

Flashi hupotea, kwa hiyo tukaandika na karatasi. Nilimpa mpwa wangu aandike, kwa herufi kubwa, mimi nikimsomea: aina ya muunganiko, jina la akaunti, namba ya mteja, simu ya huduma kwa wateja, MTU 1492. Paswedi aliiandika herufi moja moja, na chini ya ile yenye utata akaongeza mwenyewe: "hii ni l ya lori." Iko ndani ya mlango wa kabati la vyombo.