Kabla hujalipa vila ya Cyprus, uliza kiwanja ni cha nani

Haipiti wiki bila mtu kunitumia video ya aina ileile: nyumba nyeupe ya ghorofa moja, bwawa la kuogelea, bahari kwa nyuma, na bei iliyoandikwa kwa pauni. Anayetuma huwa mtu wa nyumbani aliyeko Leicester, Dubai au Muscat, na swali lake ni moja: "Dada, wewe uko huko, hii ni kweli?" Nyumba ni ya kweli, na bwawa ni la kweli. Ila mimi huuliza iko upande gani wa kisiwa, na mwaka 1974 kiwanja kile kilikuwa cha nani.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Paphos, kusini-magharibi mwa Cyprus. Kazi yangu ni kutunza nyumba za watu wasiokuwepo: nafungua madirisha ziingie hewa, nasimamia anayesafisha bwawa, nalipa bili, napokea wageni na funguo. Wenye nyumba wengi wamenisimulia jinsi walivyonunua, na baadhi walisimulia huku wakilia.

Asiyejua historia ya kisiwa hiki asinunue hata banda la kuku. Julai 1974 yalitokea mapinduzi ya waliotaka Cyprus iunganishwe na Ugiriki, na siku chache baadaye jeshi la Uturuki likaingia kutoka kaskazini. Kisiwa kikakatwa vipande viwili. Wagiriki wa Cyprus waliokuwa kaskazini, zaidi ya watu laki moja na nusu, wakakimbilia kusini na kuacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Waturuki wa Cyprus waliokuwa kusini wakaenda kaskazini. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza kuwa nchi, lakini hadi leo inatambuliwa na Uturuki peke yake. Kwa dunia iliyobaki, na kwa daftari la ardhi la Jamhuri ya Cyprus, yaani serikali ya kusini, shamba lililokuwa la fulani mwaka 1974 bado ni lake au la watoto wake.

Jirani yangu ni bibi aliyezaliwa kijiji kimoja karibu na Kyrenia, upande wa kaskazini. Njia za kuvuka kati ya pande mbili zilipofunguliwa Aprili 2003 alikwenda kuona kwao. Aliikuta familia nyingine ndani ya nyumba, wakamkaribisha kahawa, akanywa. Huko chini, kwenye mindimu ya baba yake, alikuta miti imekatwa na misingi ya nyumba mpya imechimbwa. Siku moja alinionyesha karatasi, imo kwenye mfuko wa plastiki ndani ya droo ya vyombo: namba ya ramani, namba ya kiwanja, ukubwa, na jina la baba yake. Ni hati ya ardhi; hapa wanaiita kochan, kusini na kaskazini. Aliweka kidole juu ya lile jina, akaniambia, "Hatukuuza." Tangu siku ile kila nikiona video ya vila mpya za Kyrenia, naangalia kama kuna mabaki ya mindimu pembeni.

Madalali wa kaskazini watakwambia hati ni salama. Muulize ni hati gani. Zipo zilizokuwa za Waturuki wa Cyprus au za wageni tangu kabla ya 1974, na hizo ndizo zenye matatizo machache kuliko zote. Zipo za kubadilishana, ambazo Mturuki aliyeacha mali kusini alipewa ardhi ya Mgiriki kaskazini. Na zipo za kugawiwa tu, kwa wahamiaji kutoka Uturuki na wengineo. Zote zinaweza kuwa na mihuri mizuri.

Kesi ya akina Orams kila mnunuzi angepaswa kuijua. Walikuwa mume na mke Waingereza, wakanunua kiwanja Lapithos, karibu na Kyrenia, wakajenga nyumba yenye bwawa. Mwenye ardhi, Meletis Apostolides, akawashtaki Nicosia, mji mkuu, kwenye mahakama ya Jamhuri. Mwaka 2004 mahakama ikaamuru wabomoe nyumba, bwawa na uzio, wamrudishie ardhi yake na kumlipa fidia. Wakadhani hukumu ya kusini haiwezi kuwagusa kaskazini. Ni kweli haikubomoa ukuta, lakini kwao Uingereza walikuwa na nyumba ambayo ingeweza kushikwa kulipia fidia. Aprili 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hukumu ile inatekelezeka katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, na Januari 2010 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikakubali.

Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya uuguzi Uingereza hadi kustaafu, alinipigia akiwa na hoja yake tayari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, nimepata nyumba. Vyumba vitatu, bahari unaiona ukiwa kitandani, na bei ni theluthi ya huko kwenu. Na usiniletee habari za Orams, Uingereza imeshatoka Ulaya."

"Mjomba, ukiambiwa kiwanja cha Raskazone, kwetu Tanga, kinauzwa theluthi ya bei, utauliza nini kwanza?"

Akanyamaza kidogo. "Nitauliza mwenyewe ni nani."

Nikamweleza na lililobaki. Katika Jamhuri ya Cyprus, kuuza, kununua au kutangaza ardhi ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai, na kifungo kinaweza kufika miaka 7. Tangu 2024 wapo waliokamatwa kwa makosa hayo na kufikishwa mahakamani. Brexit haifuti hilo. Na hata kama hakuna askari ambaye angemgusa, ningemwambia vilevile. Sisi tunatoka mahali ambapo mtu anaweza kurudi kutoka safari akakuta shamba la babu yake limepimwa viwanja. Tunajua maumivu yake, na sitamsaidia mtu wangu kuogelea juu ya maumivu hayo.

Basi akageukia kutafuta nyumba kusini. Kusini nako pana mitego, ila ya aina nyingine, na ndiyo iliyowaliza wateja wangu. Kampuni ya ujenzi inanunua ardhi, inaiweka rehani benki, inajenga nyumba ishirini, inaziuza. Wewe unalipa fedha zote za nyumba yako, unapewa funguo, unapanda maua. Hati ya nyumba yako haijatoka, kwa sababu kiwanja kizima bado kiko kwa jina la kampuni na benki inakidai. Kampuni ikifilisika, mwenye deni ni mwingine na anayekosa usingizi ni wewe. Baada ya msukosuko wa mabenki wa Machi 2013 hali hii iliwakuta maelfu ya watu. Mwaka 2015 ilipitishwa sheria ya kuwaokoa walionaswa hivyo, wapate hati zao ingawa kampuni ina deni. Kabla ya hapo, sheria ya 2011 ilishaweka kinga nzuri: mkataba wa mauzo ukishapelekwa na kusajiliwa ofisi ya ardhi, muuzaji hawezi kumuuzia mwingine nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo wakili wako, sio yule anayeletwa na muuzaji, apekue daftari kwanza, kisha mkataba usajiliwe mapema. Malipo ya awali yasitoke kabla ya upekuzi huo, hata dalali akisema kuna Mrusi anakuja kesho na fedha taslimu.

Gharama nazo watu huzisahau. Nyumba mpya ina VAT ya asilimia 19. Kwa vila ya yuro 600,000 hiyo ni 114,000 juu yake. Kiwango nafuu cha asilimia 5 kipo kwa makazi ya mtu mwenyewe, lakini kimewekewa mipaka ya ukubwa na thamani ambayo jumba la kifahari linaipita. Nyumba iliyokwisha kutumika haina VAT, ina ada ya kuhamisha hati: asilimia 3 kwa yuro 85,000 za kwanza, 5 kwa 85,000 zinazofuata, 8 kwa zote zinazobaki, halafu jumla inakatwa nusu. Kwa 600,000 hiyohiyo inakuja 20,600.

Na asiye raia wa Umoja wa Ulaya, Waingereza sasa wakiwemo, anahitaji kibali cha serikali ili asajili nyumba kwa jina lake. Nyumba peke yake haikupi haki ya kukaa. Bila ukaazi, mjomba ana siku 90 katika kila siku 180. Ukaazi wa kudumu kwa njia ya nyumba unataka nyumba mpya ya kuanzia yuro 300,000 bila VAT, na kipato cha 50,000 kwa mwaka kutoka nje ya Cyprus, zaidi ukiwa na mke na watoto. Wanaoahidi pasipoti wanakudanganya. Mpango wa uraia kwa uwekezaji ulifutwa hapa Novemba 2020, na wa Malta ulihukumiwa Aprili 2025 kuwa kinyume cha sheria za Ulaya.

Jambo jingine ni udongo. Nilimpeleka mjomba Pissouri, mtaa wa Limnes, ambako ardhi imekuwa ikiporomoka. Zipo nyumba nzuri za kustaafia zilizopasuka kuanzia msingi. Tulisimama mbele ya bwawa moja lililogawanyika, upande mmoja umeshuka, vigae vinaning'inia. Mjomba akapitisha mkono kwenye ule ufa, mkono ukaingia hadi kiwiko. Hapo ndipo alipokubali kumlipa mhandisi akague kwanza.

Nyumba anayoitaka sasa iko Tala, juu ya Paphos. Ni ya zamani kidogo, ina tangi la maji na mitambo ya jua juu ya paa, na bahari inaonekana barazani tu. Hati ipo, kwa jina la muuzaji. Wakili alipopekua alikuta deni la benki juu yake, hivyo ameandika mkataba kwamba deni litalipwa moja kwa moja kutoka kwenye bei, na benki itoe barua ya kuachia rehani kabla ya sahihi. Barua haijaja. Muuzaji anapiga simu kila siku kuuliza mjomba anangoja nini, na mjomba anamjibu kwa upole kwamba anangoja barua.