Safu ya tatu ya daftari

Leo ni siku ya tisa kompyuta ya dukani haijazima yenyewe, na ndiyo ninayoandikia haya. Nimechelewa kufunga makusudi. Nataka niandike wakati bado nakumbuka nilivyohangaika.

Mashine hii ndiyo iliyonifungulia steshenari, hapa Morogoro, nikiwa sina kitu kingine zaidi ya meza na rimu mbili za karatasi. Ilipoanza kuzima mwezi wa pili, niliona kama duka zima linanitoka mkononi.

Siku iliyoniuma zaidi ni ya mtihani wa Baiolojia wa kidato cha pili. Mwalimu amekaa kwenye stuli pembeni yangu, ananisomea mwandiko wake, tumefika ukurasa wa tisa. Akaingia binti na cheti cha kuzaliwa, nikainuka kumtolea kopi. Nikasikia tap. Kioo cheusi, feni kimya. Nilipowasha tena, zilikuwepo kurasa tano tu. Mwalimu hakunigombeza. Alisema, "Pole dada, tuanze tena," na tukaanza tena mpaka giza likaingia.

Kila niliyemuuliza alisema ni joto, nami niliamini, maana Morogoro mwezi wa pili hakuna asiyelijua joto. Na ni kweli kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujizima yenyewe isije ikaungua. Nikafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilikuwa limejibana chini ya feni kama kipande cha blanketi, nikalitoa kwa brashi na bloa. Ile krimu inayokaa juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nikafuta, nikapaka mpya. Joto likashuka kutoka nyuzi 84 hadi 58 nikiwa kazini. Nikafurahi sana. Jumamosi na Jumapili ikatulia. Jumatatu asubuhi, tap.

Hapo rafiki yangu mmoja akanishauri nipige Windows upya. Nilikuwa karibu kukubali, ila kwanza nikafungua kumbukumbu za matukio za Windows. Kila ilipozima palikuwa na alama nyekundu na maneno Kernel-Power, namba 41. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, basi, sababu haitajwi. Lakini ndani ya maelezo, mahali pa namba ya hitilafu, paliandikwa 0. Windows ingejifia yenyewe kwa kosa la programu, ule ukurasa wa buluu, kwa kawaida ingeacha namba pale. Sifuri ilinielekeza kwenye umeme. Sikupiga Windows.

Nikachukua daftari la shule la kurasa 48, nikachora safu tatu: siku, saa, nilikuwa nafanya nini. Hiyo safu ya tatu niliiongeza bila kuwaza sana. Baada ya wiki moja ilikuwa hivi: saa 2:10 asubuhi, kopi. Saa 4:45, kuprinti risiti. Saa 7:20 mchana, kopi. Saa 11:05 jioni, kopi. Nikaisoma mara mbili, nikageuka kuitazama printa.

Lakini siku za mitihani natoa kopi mia tatu mfululizo na haizimi! Nikarudi kwenye daftari. Ilikuwa ni kopi ya kwanza, baada ya printa kukaa kimya muda mrefu. Printa ya leza ina rola ndani ambayo lazima ichemke, karibu nyuzi 200, ndipo wino wa unga uyeyuke na kushika kwenye karatasi. Ikiamka kutoka usingizini inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Nikaiacha ilale, nikabonyeza kopi huku nikitazama darini. Taa ikapepesa, na kompyuta ikazima. Zote zilikuwa kwenye ekstensheni moja.

Bado nikajiuliza mbona zimekaa pamoja miaka yote bila shida. Jibu alinipa kijana fundi wa mtaa wa pili. Alichomeka mita ya kupimia umeme kwenye waya wa njano ndani ya kompyuta, ule wa volti 12. Unatakiwa usishuke chini ya 11.4. Ulikuwa 11.6 mashine ikiwa imetulia, na tulipoipa kazi ukaanguka hadi 11.1. "Dada, pawa saplai imechoka," akasema, yaani lile boksi linaloipa kompyuta umeme. Ikiwa nzima, umeme ukiyumba kufumba na kufumbua inajishikilia kwa akiba ya kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Hii haikuwa na akiba tena.

Aliichomoa, akaiacha ikae kwanza kabla ya kuifungua, akanizuia nisiiguse, kwa sababu kapasita kubwa hubaki na umeme hata waya ukiwa umetoka ukutani. Kisha akanionyesha. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa kama andazi, na chini yake uchafu wa kahawia ulioganda kwenye bodi. Nilizitazama kwa muda mrefu. Wiki zote zile nilikuwa nalaumu joto, nalaumu Windows, kumbe ni vitu viwili vidogo kuliko kidole changu.

Alisema anaweza kubadilisha kapasita tu kwa bei ndogo. Niliamua kununua pawa saplai mpya, kwa sababu kazi za walimu haziwezi kunisubiri nijaribu mara mbili. Printa nayo nimeihamishia soketi ya ukuta wa pili, peke yake.

Leo mchana mwalimu wa Baiolojia amerudi na mtihani mwingine. Tukiwa swali la 14 akaja mzee kutoa kopi ya kitambulisho. Printa ilikuwa imelala tangu asubuhi. Nikabonyeza. Taa ikapepesa, mwalimu na mimi tukageuka kwenye kioo kwa pamoja. Kimstari cha kuandikia kilikuwa palepale, mwisho wa swali la 14, kinawaka na kuzima, kinanisubiri.