Nilivyohama kutoka Fontainebleau kwenda Singapore katikati ya MBA

Kabla hujagusa fomu ya kuchagua kampasi, chukua kalenda uhesabu siku. Mimi nilisoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, katika INSEAD, shule ya biashara yenye kampasi Fontainebleau (Ufaransa), Singapore na Abu Dhabi. Nilianzia Ufaransa na kumalizia Singapore, na karatasi hazikunikosesha darasa. Wengi huanza na swali la wapi pazuri. Swali la kwanza ni sheria ya nchi inakuruhusu kukaa siku ngapi, na inaruhusu mwenye nyumba akukodishe kwa muda gani.

Masomo yana vipindi vitano, P1 hadi P5, kila kimoja kama wiki nane. Viwili vya mwanzo unavisoma ulipoanzia, Fontainebleau au Singapore, kwa kuwa hapo masomo ya lazima ndiyo mengi. Kuanzia P3 unaruhusiwa kuomba kuhama, na Abu Dhabi nayo huwa kwenye orodha. Nafasi hazitoshi wote, kwa hiyo usisaini mkataba wa nyumba kwa matumaini ya ombi ambalo halijajibiwa. Wanafunzi huanza kwa mikupuo miwili, Januari na Agosti. Nilichukua Januari kwa sababu ina mapumziko ya kiangazi kati ya P3 na P4. Wengine huyatumia kwa mafunzo kazini. Kwangu yalikuwa pia muda wa kushughulikia pasi ya mwanafunzi ya Singapore, yaani kibali cha kukaa huko kusoma. Wa Agosti hukimbia miezi kumi mfululizo, na kila uhamisho kwao hubanwa kwenye siku chache kati ya mtihani na darasa linalofuata.

Hesabu inayoumiza watu ni ya siku 90, ambazo ndizo ukomo wa viza ya muda mfupi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kipindi kimoja ni siku 56 hivi, kwa hiyo aliyeanzia Singapore akitaka kipindi kimoja tu Ufaransa, viza hiyo ya muda mfupi inamtosha. Akitaka viwili, ni siku 112 bila kuhesabu mapumziko ya katikati, na viza ile haiongezwi kirahisi. Huyo lazima aombe viza ya muda mrefu, tena aiombe akiwa Singapore, katikati ya masomo, pasipoti ikiwa mikononi mwa ubalozi na yeye hawezi kusafiri. Ndiyo maana mimi, mwenye pasipoti ya Kenya, nilianzia Fontainebleau: viza ngumu niliimaliza nikiwa nyumbani Nairobi, nikiwa na muda.

Viza ya muda mrefu ya mwanafunzi hutumika pia kama kibali cha kuishi, lakini ni mpaka uihakiki mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu uingie. Nilifanya hivyo wiki ya kwanza. Asiyehakiki akitoka nje ya Schengen baada ya miezi hiyo mitatu anaweza kukwama kurudi, na mwanafunzi wa shule hii hutoka mara kwa mara. Kwa uthibitisho wa fedha, Ufaransa huangalia angalau euro 615 kwa mwezi. Usipange bajeti kwa kiasi hicho. Hiyo ni ya kumridhisha afisa wa viza, na chumba peke yake kinaweza kukimaliza.

Jambo moja dogo kwa watu wa kwetu: majina. Pasipoti ikiwa na majina matatu, shahada mawili, na cheti cha kuzaliwa kikaandika la baba kwa tahajia nyingine, kila ofisi itakuuliza. Nilikwenda kwa wakili kabla ya kuondoka, nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, nikabeba nakala kadhaa zenye mhuri. Cheti cha kuzaliwa nilikitafsirisha Kifaransa kwa mfasiri aliyeapishwa, kwa ajili ya kujiandikisha kwenye bima ya afya ya taifa, ambayo mwanafunzi wa kigeni haichangii.

Nyumba Fontainebleau. Mji uko kama kilomita 60 kusini-mashariki mwa Paris, dakika 40 kwa treni ya mstari R kutoka Gare de Lyon hadi kituo cha Fontainebleau-Avon. Wanafunzi wengi huungana kukodi nyumba kubwa vijijini, na picha zake huvutia kweli, ila bila gari unategemea mwenzako aamke. Nilichukua chumba mjini. Mkataba niliouomba kwa jina ni bail mobilité, ulioanzishwa kwa sheria ya 2018: huwa wa mwezi mmoja hadi kumi, nyumba ina samani, na mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana. Mkataba wa kawaida wa nyumba yenye samani humruhusu kudai amana ya hadi kodi ya miezi miwili. Anachoweza kutaka kwenye bail mobilité ni mdhamini, na hapo ndipo Mkenya asiye na ndugu Ufaransa hukwama. Dawa yake ni Visale, dhamana ya bure kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 30. Cheti cha Visale lazima kiwepo kabla ya kusaini mkataba. Baada ya kusaini umechelewa.

Singapore kanuni hugeuka. Nyumba binafsi haikodishwi chini ya miezi mitatu mfululizo, na za serikali, HDB, chini ya miezi sita. Kwa hiyo anayekwenda kwa kipindi kimoja hana nyumba halali ya kawaida. Amebaki na fleti za huduma, zinazoendeshwa kama hoteli, ambazo ni ghali. Nilichukua P4 na P5 pamoja, nikapata miezi minne, na mlango wa nyumba binafsi ukafunguka. Ushuru wa stempu hulipwa na mpangaji: asilimia 0.4 ya kodi yote. Chumba cha dola 1,800 za Singapore kwa miezi minne ni 7,200, ushuru wake dola 28. Ulipe ndani ya siku 14 baada ya kusaini. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi, na siku ya kudai amana ndiyo siku utakayouhitaji.

Pasi ya mwanafunzi ya Singapore huanzia shuleni: shule inakusajili kwenye mfumo wa uhamiaji, kisha unajaza sehemu yako. Dirisha la kawaida ni kati ya miezi miwili na mwezi mmoja kabla ya masomo kuanza. Kwa P4 ya mkupuo wa Januari, dirisha hilo huangukia Julai, wakati watu wametawanyika likizo na barua pepe za shule hawazisomi. Uchunguzi wa afya ni X-ray ya kifua na kipimo cha VVU, na daktari ajaze fomu yao wenyewe. Usikubali ripoti yenye nembo ya hospitali tu. Ukitokea Kenya au Uganda, beba kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari hakusaidii.

Masomo ya kuchagua hupatikana kwa zabuni ya pointi: kila mwanafunzi huweka pointi zake kwenye kozi anazozitaka. Nilifungua orodha ya kila kampasi kwa kila kipindi kabla ya kuomba kuhama, maana kozi unayoitaka huenda haifundishwi kule P4. Pointi nyingi niliziweka kwenye kozi moja ambayo sikuwa tayari kuikosa, zilizobaki nikazigawa kwenye zisizogombewa.

Ukimaliza, pasi ya Singapore ifutwe ndani ya siku saba baada ya masomo kukoma. Akaunti ya benki ya Ufaransa usiifunge mapema: marejesho ya bima ya afya hupitia huko, na hufika kwa kuchelewa.