Nilivyoweka Linux kwenye Galaxy A5 hapa Arua mpaka mobile mani ikafunguka

Jamani hii kitu imenichukua karibu mwezi mzima so acha niwaambie, labda kuna mtu anahangaika kama mimi.

Kwanza nilianza na simu ambayo siyo. Nilikuwa na simu mpya tu ya bei rahisi, nikasema hii ndo nitaiwekea postmarketOS, yaani mfumo wa Linux wa simu unaokaa badala ya Android, kumbe chipu yake hakuna mtu amewahi kuiandikia draiva (programu ya kuendesha vifaa vyake), na kampuni yenyewe haijatoa sosi kodi (maandishi asili) ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Wiki mbili zikapotea bure. Kompyuta ukiiwekea Linux, vifaa vingi vinajitambulisha vyenyewe, mimi ni kadi ya waifai, mimi ni kadi ya sauti, lakini ndani ya simu vitu havijitaji, lazima mtu aandike faili ya kuiambia kerneli skrini iko wapi, modemu (kifaa cha mtandao wa simu) iko wapi, na kila modeli inataka faili yake. Ndo maana upya wa simu hausaidii kitu, angalia chipu kwanza!

Basi nikapata Galaxy A5 ya 2015 sokoni, imetumika, betri imechoka. Fundi akaniuliza, "Ndugu yangu, simu ya zamani hivi unaitakia nini?" Ina Snapdragon 410, na hiyo chipu watu wameifanyia kazi kubwa sana, inakubali kerneli ya kawaida ya Linux badala ya ile 3.10 ya zamani iliyokuja na Android. Nikaingiza lk2nd (programu ndogo ya kuwashia mfumo) kwa Heimdall, programu ya kompyuta ya kuingizia vitu kwenye simu za Samsung, halafu mfumo wenyewe kwa fastboot, njia nyingine ya kuingizia vitu kwa waya wa USB, ikawaka.

Hapo nikaharibu. Nilifuta patisheni (sehemu ya hifadhi ya simu) nikidhani ni mabaki ya Android, waifai ikafa, mtandao ukafa. Kumbe famwea (programu ya ndani ya kifaa) ya modemu na waifai inasomwa kutoka kwa simu yenyewe, ukifuta umefuta. Ikabidi nirudishe famwea ya kiwanda yote halafu nianze upya, na bando lilikuwa limebaki kidogo, niliumia kweli.

Mimi shida yangu kubwa ilikuwa mobile mani, maana hapa Uganda simu isiyofungua *165#, namba ya mobile mani ya MTN, utaifanyia nini? Nikafungua teminali (dirisha la kuandika amri), nikatumia mmcli, amri ya kuongea na modemu, nikaandika mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate="*165#", nikangoja kama sekunde tano hivi, menyu ya MTN ikatoka mistari mistari, ya kutuma hela, ya kutoa, zote, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kujibu menyu unatumia --3gpp-ussd-respond na namba unayotaka.

Kamera bado haifanyi kazi, kwa hiyo picha napiga na ile simu nyingine. Lakini jana nimemtumia mama elfu 20 kule Koboko kwa hiyo hiyo teminali, na amenipigia kusema imefika.