Jinsi nilivyopunguza picha za vitenge bila kuziharibu

Dada yangu anauza vitenge Kadutu, hapa Bukavu, nami ndiye ninayemtunzia tovuti. Wateja walilalamika: ukurasa unakula mega, picha hazifunguki. Kumbe nilikuwa nazipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, pikseli 4000 kwa 3000, karibu megabaiti 5 kila moja. Nilijaribu kuzibana kwenye ukurasa wenyewe. Haikusaidia: picha inaonekana ndogo, lakini simu ya mteja bado inavuta faili zima.

Nikazifungua katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikaweka upana wa pikseli 1200 huku alama ya mnyororo inayounganisha upana na kimo ikiwa imefungwa. Kimo kikaja chenyewe, 900. Kisha nikazitoa upya kama JPEG, aina ya faili la picha ambalo hubanwa kwa kiwango cha ubora unachochagua. Hapo ndipo pa kuangalia sana. Kwa ubora wa 40 kati ya 100, vitone vyeupe kwenye kitenge cha bluu vilivurugika kama ukungu, na mteja ananunua vitone hivyo hivyo! Nikarudi kwenye picha ya awali, nikaweka 80: vitone safi, faili takriban kilobaiti 250.

Fanya kazi kwenye nakala tu. Picha iliyopunguzwa ukiikuza tena, kilichopotea hakirudi.